Kikaratasi cha Mtambo wa Tatu

Mitambo mitano ilifika karakana ikiwa imeviringishwa kwenye karatasi za nta, kila mmoja umezama ndani ya grisi nzito yenye rangi ya asali chafu. Nilipewa siku tatu niichunguze na kusema ni upi unaofaa kujengewa bunduki mpya ya kuwindia. Siku tatu zilinitosha. Mimi sipendi kuharakishwa, na wenzangu walikwisha kulijua hilo wakaacha kunichungulia begani.

Asiyezoea bunduki hudhani kitu cha maana ni mtutu. Mtutu huagizwa mpya, na ukiharibika unaagizwa mwingine. Cha maana ni mtambo, ule mwili wa chuma unaozidi kidogo kiganja cha mkono, unaoushika mtutu kwa mbele na kulipokea komeo kwa nyuma. Ukilisukuma komeo mbele na kulilaza, meno yake mawili hujifungia ndani ya mtambo. Risasi inapolipuka, ni meno hayo na kuta zinazoyashika vinavyozuia moto usirudi nyuma. Na nyuma kuna uso wa mtu: shavu limelazwa juu ya mti, jicho liko wazi. Kila nilipobana mtambo wa zamani kwenye jiliwa niliufikiria uso huo kwanza, nikawa mkali hata kwa chuma chenyewe.

Mitambo ya kijeshi ya zamani ina wapenzi wake. Ilichongwa wakati chuma hakikuhesabiwa kwa gramu na fundi hakushikiwa saa. Ikatumiwa vitani, kisha ikalala kwenye maghala ya nchi za watu miaka na miaka. Mwindaji mwenye nafasi huchukua mtambo peke yake, mengine yote akayaacha, akatengenezewa mtutu mpya na kitako cha mti wa jozi kinachomkaa begani kama nguo ya kushonesha. Hapa Dubai wapo wa namna hiyo, na wengi wao huenda kuwinda Tanzania kila msimu wakiwa na vibali vyao na mafaili yao.

Mimi sikuja huku kuwa fundi bunduki. Nilikuja kuwa mlinzi. Nilisimama kwanza kwenye jengo kubwa la maduka kule Al Barsha, halafu kampuni ikanihamishia kwenye mlango wa duka hili la silaha za kuwindia, lenye karakana yake kwa nyuma. Nyumbani Machakos nilikuwa nimesomea ukerezaji wa vyuma, na nilifanya kazi Thika miaka minne nikikereza vipuri vya pampu za maji. Basi pale mlangoni, siku nzima, nilisikia mashine ya kukereza ikilia vibaya huko nyuma. Kisu chake kilikuwa kimefungwa juu mno. Wiki nzima nilivumilia. Siku ya nane nikaingia na sare yangu na kofia yangu, nikamwambia fundi mkuu ashushe kisu.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa Peshawar, mwana na mjukuu wa mafundi bunduki. Tulimwita ustadh. Alinitazama kama vile kiti kimeongea. Kisha akakishusha kisu, mashine ikanyamaza kulia, naye akanisogezea bilauri ya chai. Miezi kadhaa baadaye arbab, mwenye duka, alikubali kunihamishia viza yangu, nikavua sare.

Kazi ya kuchagua mitambo ustadh alinifundisha mwenyewe. Kwanza unaitoa grisi yote, kwa sababu grisi husitiri mengi. Unatazama sehemu iliyokuwa imefichwa na mti, maana kutu hupenda kula pasipoonekana. Unaangalia kama meno ya komeo yanashika pande zote mbili sawasawa. Mwisho unachukua tupa nyembamba na kuipitisha kidogo tu mahali pasipoonekana. Chuma kizuri huitelezesha tupa kama kioo. Chuma kilichowahi kuungua moto kinaikubali, tupa inauma, na chembe zinazong'aa zinabaki kidoleni.

Nilipomaliza kila mtambo niliufungia kikaratasi kwa uzi, nikaandika niliyoyaona. Zamani niliandika kwa Kiingereza. Siku moja mteja akasoma neno kutu kwenye mtambo aliokuwa ameupenda, akaondoka bila kuaga. Arbab aliniita. Hakupaza sauti, maana yeye si mtu wa kupaza sauti. Alisema vikaratasi ni vya karakana, wala si vya kutishia wateja. Nikamwambia sawa, sir. Tangu siku hiyo nikaandika kwa Kiswahili. Ustadh nilimweleza kwa mdomo, na dukani hapakuwa na mwingine wa kukisoma. Nilijiona mjanja sana, na nakiri niliufurahia ujanja ule.

Mtambo wa kwanza niliuandikia: Kutu chini ya mti. Wa pili: Mzito, hauna neno. Wa nne ulikuwa umetobolewa matundu ya darubini na mtu aliyekuwa na haraka, nikaandika hivyo hivyo. Wa tano ulikuwa mbaya wa sura, umekwaruzwa, komeo lake linasaga kama lina mchanga, lakini tupa iliteleza juu yake kila nilipoijaribu. Niliandika: Ngumu.

Wa tatu ndio uliokuwa mrembo. Rangi yake ya buluu haikuwa na doa, na komeo lilikwenda na kurudi kwa kidole kimoja. Lakini namba zake zilikuwa zimesuguliwa zikafifia, na ninapoona namba zimesuguliwa damu yangu huchemka. Niliipitisha tupa. Ikauma. Niliipitisha upande mwingine, ikauma tena. Mtambo ule ulikuwa umeingia motoni, labda ghala liliungua, kisha mtu akakaa kitako akaupiga msasa na kuupaka rangi ili usionekane umeungua. Hata ule ulaini wa komeo ulitokana na kusuguliwa huko. Kuta za ndani zingeweza kubonyea kidogo kidogo kwa kila risasi, komeo likipata nafasi ya kurudi nyuma unywele mmoja, halafu nywele mbili, hadi siku ambayo ganda la risasi lingepasuka. Niliandika neno moja: Laini.

Nilimwonyesha ustadh. Akatikisa kichwa, akasema khalas, huu tutauweka ukutani kama pambo siku arbab akipenda. Jioni ile ile akasafiri kwenda kwao kwa likizo, na mitambo mitano ikabaki mezani.

Jumamosi mimi nilikuwa Hatta na watu wa kanisa letu, tumekodi basi kwenda kutazama bwawa na milima. Nilikula nyama choma, nikaimba, nikarudi nimeungua pua. Jumatatu nilipoingia karakana, mtambo wa tatu ulikuwa umefungwa utepe mwekundu wa dukani. Muuzaji, kijana wa Sham mwenye maneno matamu, alinipungia mkono.

"Khalas, sista. Namba tatu imepata mwenyewe. Mzee mmoja ameisoma karatasi yako, akaichukua hapo hapo."

"Ameisoma vipi?"

"Anajua lugha yenu. Alifurahi mno. Anakuja leo kukuona."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilidhani labda nimesikia vibaya, kwa sababu mtu anayejua Kiswahili hawezi kusoma kikaratasi kile akauchukua mtambo ule.

Mzee alikuja baada ya sala ya alasiri. Alikuwa na miaka sabini na ushei, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikakubali, na fimbo ambayo hakuihitaji. Alizaliwa Unguja akaletwa Ghuba akiwa kijana, na Kiunguja chake kilikuwa kimekaa mdomoni kama hakijawahi kuondoka Malindi, mtaa wa kwao mjini Unguja.

"Ndiye wewe uloandika?" aliniuliza. "Wa wapi wewe, binti?"

"Machakos, Kenya. Karibu, mzee."

"Ndiyo maana. Nyinyi watu wa bara shikamoo imekushindeni." Alicheka, nami nikaona haya nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha ya kweli. Kisha akaushika mtambo wa tatu kwa mikono miwili. "Mji huu ninausoma kwa Kiarabu, ninausoma kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili lililoandikwa kwa mkono wa mtu, miaka mingapi sijalisoma mie! Nimeona hapa pameandikwa laini. Nikalivuta komeo, nikasema wallahi kweli, laini kama hariri. Huyu mwandishi hasemi uongo."

Aliendelea. Ule wa tano pia aliujaribu, akasoma Ngumu, akavuta komeo, akaona kweli gumu, linasaga. Kila alichokishika kililingana na nilichokiandika. Laini lilikuwa neno la chuma kinachobonyea, na ndilo hilo hilo neno la kitu kinachoteleza. Mimi nilikuwa nimeandika kuhusu chuma, yeye akasoma kuhusu komeo, na vidole vyake vikamthibitishia.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Badala yake nilisema, "Asante, mzee."

Akaniambia atarudi Jumatano kuchagua mti wa kitako, akaniombea dua, akaenda zake.

Siku mbili hizo sizipendi hata leo. Kazi ilikuwa imeandikwa ubaoni: mtambo wa tatu, fundi ni mimi. Nilitakiwa kuufunga kwenye kalibu, kile kishikio cha kwenye mashine, na kuanza kuunyoosha mdomo wake kwa ajili ya mtutu mpya. Jumanne asubuhi nilifagia karakana. Nikapaka mafuta mashine ambazo hazikuhitaji mafuta. Nilinoa visu vyote vya ustadh. Nilikuwa naogopa, na nilijua ninachokiogopa. Nikisema, arbab atauliza kwa nini mtambo mbovu ulikuwa mezani na kwa nini naandika kwa lugha asiyoijua. Viza yangu ilikuwa mkononi mwake.

Lakini hofu haikuwa peke yake. Ndani yangu kulikuwa na sauti nyingine, tulivu, iliyokuwa inapiga mahesabu. Ilisema: huyu ni mzee. Anawinda mara moja kwa mwaka, anapiga risasi nne, labda tano. Chuma hiki, hata kikiwa laini, kitamaliza miaka kumi kabla ya kuleta balaa. Yeye ana miaka mingapi imebaki? Niliisikiliza sauti hiyo nikiwa naosha mikono, na sikuifukuza.

Jumatano nilichukua kalibu, nikaufunga mtambo, nikawasha mashine. Mkono ukagoma. Nikaizima mashine nikabaki nimeushika mpini kama mtu aliyeshikilia mlango wa nyumba isiyo yake. Nilikasirika, kwa kweli nilikasirika sana, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Nikaufungua mtambo, nikautia kwenye jiliwa, nikauweka wa tano pembeni yake, nikamsubiri mzee.

Alipofika na kuanza kuzipapasa mbao za mjozi, nilimwomba aje kwenye jiliwa. Nikampa tupa.

"Naomba upitishe hapa, mzee. Pole pole tu."

Akapitisha kwenye mtambo wa tano. Tupa ikateleza. Nikamwelekeza kwenye wa tatu. Tupa ikauma, naye akahisi, maana niliona mkono wake ukisita. Alikigeuza kidole chake kwenye mwanga, akatazama chembe zile zinazong'aa.

"Chuma ni laini," nikasema. "Hilo ndilo nililoandika. Umeungua huu, mzee. Haufai. Unaweza kukurudia usoni."

Akavuta kigoda changu akakalia. Nilimweleza yote, kuhusu Kiingereza na arbab na ule ujanja wangu wa kuandika kwa lugha isiyosomwa. Aliposema hatimaye, hakuuliza nilichokitegemea.

"Kwa nini hukuandika mbovu?"

Niliichukua tupa nikaifuta.

"Neno moja tu, binti. Mbovu. Hata mtoto wa chuoni anayeanza alifu angelifahamu. Na huu wa tano, umeandika ngumu. Ngumu nini? Mtambo ni mgumu. Chuma ni kigumu. Ungeandika kigumu ningejua unanambia habari ya chuma. Lakini nyinyi kila kitu ngumu. Kazi ngumu, chuma ngumu, mtu ngumu!" Alipiga fimbo chini. "Na hilo laini ndilo baya zaidi, halishiki kiambishi, halikuoneshi linaelekea wapi."

Nikasema, "Niliona nikiandika mbovu mtu ataniuliza ni kwa nini."

"Ndivyo hasa." Akaniangalia. "Na tangu juzi? Juzi ulinambia asante."

"Niliogopa kazi yangu, mzee."

Hiyo ilikuwa nusu. Nusu ile nyingine, ya miaka yake iliyobaki, niliimeza. Aliinamisha kichwa kana kwamba amelipokea jibu lote, akainuka, akasema tuende kwa arbab pamoja.

Arbab alisikiliza hadi mwisho. Mzee ndiye aliyezungumza, kwa Kiarabu, na sikuelewa yote, ila nilisikia neno amana mara mbili. Arbab hakunifukuza. Alisema vikaratasi viandikwe kwa Kiarabu na Kiingereza, kila kitu, hata kutu, na asiyetaka kusoma asisome. Kisha akaagiza mtambo wa tatu ukatwe vipande viwili mchana huo huo. Niliukata mwenyewe. Msumeno uliingia bila ubishi wowote, na yule kijana wa Sham alisimama akitazama.

Mzee aliuchukua ule wa tano. Nilikaa nao miezi mitatu. Ustadh aliporudi nilimsimulia, akaninunia siku nzima, kisha akaja kunionyesha namna ya kulisugua komeo kwa unga wa msasa na mafuta, mbele na nyuma, mamia kwa mamia, bila kuigusa ngozi ngumu ya chuma zaidi ya inavyohitajika. Mzee alikuwa anapita kila wiki mbili. Alikaa kwenye kigoda, akalivuta komeo, akasema bado. Akanirekebisha Kiswahili changu, nami nikamrudishia kwa kumwambia Waunguja wanaongea kana kwamba kesho haiji. Nilikuwa nimempenda yule mzee, na kila nilipompenda zaidi ile nusu niliyoimeza ilinikwama zaidi.

Siku ya kuijaribu tulikwenda uwanja wa shabaha, nje ya mji, asubuhi ya baridi ya Januari. Risasi za kwanza tulizipiga kwa kamba, bunduki imefungwa kwenye kiti chake na watu wote tuko nyuma ya ukuta. Ustadh alipima maganda, mimi nikapima baada yake. Vipimo havikusogea hata unywele. Tukaifungua bunduki, nikampelekea mzee.

Hakuipokea. Aligeuka akaita, na kwenye gari akashuka mwanamke wa umri wangu hivi, ameshafunga ushungi wake vizuri na kuvaa miwani ya kukinga macho. Alikuwa binti yake. Alinisalimia, akaichukua bunduki kutoka mikononi mwangu, akaiweka begani. Kitako kikamkaa sawasawa, na hapo nikakumbuka mzee alivyokuwa akinisisitizia nikifupishe, nami nikidhani ni uzee unampunguza mikono. Akalaza shavu juu ya mti. Jicho lake la kulia, wazi kabisa, lilikuwa nyuma ya mtambo, upana wa kiganja tu.

Akapiga. Akalivuta komeo, akapiga tena. Akatugeukia akicheka, na mimi nilikuwa natokwa na machozi bila kujificha.

Mzee alikuwa amesimama karibu yangu. "Ndiye mwindaji wa nyumba yetu huyu," alisema. "Mie nilishaacha zamani. Sikukwambia ni ya nani."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia tangu siku ile kwamba ni ya huyu, ungenambia asante?"

Ningeweza kutafuta neno lenye maana mbili. Nilimtazama binti yule akijaza risasi ya tatu.

"Hapana, mzee," nikamjibu. "Ningekwambia pale pale."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, wala hakuonekana kushangaa.

"Na mie pia nna jicho kama lake, binti," akasema bila hasira, akainama kuokota maganda.